Epictetus alikuwa akimwambia nani?

Epaphroditus, mtu mzito katika serikali ya Kaisari Nero, mtawala wa Roma, alikuwa na mtumwa fundi viatu aitwaye Felicio. Alimwona hafai, akamuuza. Kumbe mnunuzi alitoka nyumba ya Kaisari, na Felicio akawa mshona viatu wa Kaisari mwenyewe. Hapo ndipo Epaphroditus alipoanza kumheshimu: "Felicio, mpendwa wangu, hujambo?" Nyumbani, watumwa wakiuliza bwana anafanya nini, jibu lilikuwa: anashauriana na Felicio.

Aliyesimulia kisa hicho ni mwanafalsafa Epictetus, naye mtumwa wa Epaphroditus huyohuyo. Alizaliwa Hierapolis, katika Uturuki ya leo, akiwa bado mtumwa akasoma kwa mwanafalsafa Musonius Rufus, na baadaye akaachwa huru. Kaisari Domitianus alipowafukuza wanafalsafa Roma, alihamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika kitu, maneno yake tunayo kwa mkono wa mwanafunzi wake Arrian.

Fundisho lake mama linajulikana: yaliyo mikononi mwetu ni maoni na matakwa yetu; mwili, mali, cheo na sifa haviko mikononi mwetu. Wanaompinga husema fundisho hili ni zawadi kwa bwana, kwani mtumwa aliyeamini kwamba mnyororo haumhusu hana haja ya kuukata. Shtaka hili si la kupuuzwa. Katika mazungumzo yake juu ya uhuru anamchora mtumwa anayelilia kuachwa huru, kisha akishaachwa hajui atakula wapi, anaanza kukumbuka nguo na viatu alivyokuwa akipewa. Picha ni ya kweli, lakini bwana yeyote angeifurahia. Na katika vitabu vinne vilivyobaki hakuna mahali anapodai utumwa ufutwe.

Hata hivyo, tumsikilize akizungumza na bwana. Umeagiza maji ya moto, anasema, mtumwa amekuletea ya vuguvugu, au hata haonekani nyumbani. Usipandwe na hasira. Mtu anauliza, nitawavumiliaje watu hawa? Epictetus anamgeukia: mtumwa wewe, humvumilii ndugu yako, mtoto wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, kama wewe? Yule anajitetea kwamba alimnunua. Anajibiwa kwamba macho yake yako shimoni, kwenye sheria duni za wafu, wala hayaoni za miungu.

Kumwita mwenye watumwa "mtumwa", tena darasani, si maneno ya mtu anayembembeleza bwana. Na darasa lile la Nicopolis halikujaa watumwa. Walikaa humo vijana wa familia zenye uwezo waliokuwa njiani kwenda kutawala. Arrian mwenyewe baadaye alikuwa gavana wa jimbo la Kapadokia. Aliyekuwa akiambiwa kwamba cheo si chake ni mtu aliyekisubiri cheo hicho.

Kwa hiyo nawapa wapinzani nusu ya haki. Hakuigusa sheria, na hilo ni pengo. Ila maneno aliyowachoma nayo wenye nguvu, leo bosi anaweza kuyabandika ukutani ofisini, juu ya meza ya mtu ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili. Msomaji wetu naye huyapokea upesi kama "subira yavuta heri". Siyo. Epictetus hakuahidi heri yoyote ya kuvutwa. Arrian alipopata ugavana, hakupata kitu ambacho mwalimu wake aliwahi kukiita chema.