Ukumbi wa magwiji wa ndondi ukikazwa, Gatti atabaki?

Ukumbi wa Kimataifa wa Magwiji wa Ndondi, ulioko Canastota, mji mdogo wa jimbo la New York alikozaliwa bingwa Carmen Basilio, ulianza kupokea mabondia mwaka 1990. Wanaotaka mlango wake ubanwe wanalaumu desturi ya kuingiza majina kila mwaka, hata pale ambapo waliostaafu ni wa kawaida tu. Mfano wao ni Arturo Gatti, aliyeingia mwaka 2013 na sasa yuko ukuta mmoja na Sugar Ray Robinson, ambaye kati ya 1943 na 1951 alipanda ulingoni zaidi ya mara 90 bila kupigwa.

Lawama hiyo si ya chuki. Gatti alishinda mapambano 40 na kupoteza 9, na alipokutana na nyota Oscar De La Hoya mwaka 2001, kisha Floyd Mayweather mwaka 2005, hakuifikia raundi ya saba. Wanaomtetea hutaja raundi ya tisa ya Mei 18, 2002, pale mpinzani wake Micky Ward alipomchoma konde la kushoto mbavuni, Gatti akapiga magoti, uso umemkunjamana kwa maumivu, akainuka kabla ya hesabu kwisha, akatwangwa tena, na ndani ya raundi hiyohiyo akaanza kurudisha. Nimeitazama raundi hiyo mara nyingi kuliko pambano lolote la Robinson. Hata hivyo, usiku ule mshindi alikuwa Ward.

Ugumu uko kwenye kipimo. Kuhesabu mikanda ni rahisi, lakini leo mashirika manne ya ndondi, WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja lina mkanda wake katika kila uzito, kwa hiyo mikanda mitatu ya sasa haiwezi kulinganishwa na ile ya Henry Armstrong, aliyeshikilia ubingwa wa uzani tatu kwa wakati mmoja mwaka 1938. Kibaya zaidi, kipimo hicho kingemfungia nje Charley Burley, bondia mweusi ambaye hakupewa hata mara moja nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia. Burley huyo alimshinda Archie Moore mwaka 1944, kisha akaishia kuzoa taka Pittsburgh, wakati Moore baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia.

Kwangu mimi, swali la kuuliza ni bondia alimpiga nani, na huyo aliyepigwa alikuwa katika hali gani. Kwa kipimo hicho Ken Norton anabaki, ingawa mkanda wake wa WBC alikabidhiwa bila kupigana na mapambano yote matatu ya ubingwa aliyocheza alipoteza, likiwemo la George Foreman lililoisha raundi ya pili. Alimvunja Muhammad Ali taya mwaka 1973 na kumshinda kwa pointi, na mwaka 1978 alikwenda raundi 15 na Larry Holmes, waamuzi wakagawanyika. Gatti, kwa kipimo hichohicho, anatoka, nami nasema hivyo kwa shingo upande.

Je, Canastota watakubali mwaka upite bila jina jipya? Sidhani. Kila Juni mashabiki hufunga safari hadi mji ule kuwaona wanaoingizwa, na mwaka usio na wa kuingizwa hauna sherehe.