Taa ya ziada kwenye vespa ni haki yako, na ya kwanza ifungwe nyuma

Kuna kauli imenikera wiki hii na nimeshindwa kukaa nayo. Mtu mzima, dereva wa siku nyingi, kasema barazani mbele ya watu kwamba hawa vijana wanaofunga taa za ziada kwenye vespa ni wapenda sifa tu, taa iliyokuja na chombo inatosha, mbona zamani watu walitembea nayo hiyo hiyo na walifika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilimjibu palepale lakini mazungumzo yakashahama, kwa hiyo namalizia hapa.

Zamani ipi hiyo? Zamani ambayo hapa Unguja njia ya Fuoni haikuwa na gari zote hizi, hakuna Noah za watalii zinazowahi ndege, hakuna malori ya mchanga yanayotembea usiku. Leo mtu anatoka kazini mjini magharibi ishaingia, anakwenda zake mbele ya Tunguu huko, anapita chini ya ile miembe ya Bi Khole pale Bungi ambako kiza kinaanza kabla ya kwengine, na nyuma yake kuna gari ina haraka. Huyo ndo tunamwambia taa moja inatosha?

Jamani taa ya vespa kazi yake kubwa si wewe uone njia, njia unaijua. Kazi yake ni wewe UONEKANE. Hapa ndo watu wengi hatuelewani.

Ukiwa kwenye gari usiku, gari inayokuja mbele ina taa mbili, na kadri inavyosogea zile taa zinaachana, jicho lenyewe linajua kwamba hii ishafika, nisikate. Vespa inakuja na nukta moja, na nukta moja haina cha kuachana nacho, inakua kidogo kidogo tu, alafu ghafla iko mlangoni kwako. Dereva anaapa hakuiona, na mara nyingi anasema kweli, au aliiona akadhani iko mbali. Mtafiti Harry Hurt na wenzake kule Los Angeles walichunguza ajali 900 za pikipiki, ripoti ikatoka 1981, na walichokikuta ni hicho hicho: pikipiki ikigongana na gari, mara nyingi mwenye gari ndo kaingia njia ya mwenzake, na sababu kubwa ni kwamba hakumuona. Miaka yote hiyo ishajulikana. Na 2012 watafiti Uingereza wakajaribu pikipiki yenye taa tatu zilizokaa kwa pembetatu, ile kubwa na mbili ndogo za ziada, watu wakawa wanakisia kasi yake usiku vizuri zaidi kuliko ya taa moja. Kwa hiyo yule kijana aliyefunga taa mbili chini kwenye ngao ya vespa yake, moja kulia moja kushoto, kafanya jambo la akili kabisa hata kama hakusoma popote.

Alafu hizi vespa za zamani, za gia mkononi, zina lao jengine. Nyingi taa zake zinakula umeme moja kwa moja wa injini, resi ikishuka taa inashuka nayo. Yaani umesimama njia panda unasubiri kukata kulia, gari zinakuja mbele na nyuma, na wakati huo huo ambao unahitaji uonekane kuliko wakati wowote taa yako inakuwa rangi ya chai.

Lakini hayo yote ni ya mbele, na mimi ugomvi wangu hasa ni wa NYUMA. Wallahi kama una pesa ya taa moja tu ya ziada usiiweke mbele.

Kaa nyuma ya vespa siku moja mwezi wa Ramadhani, njia ya Amani kuelekea Mwanakwerekwe, watu wanatoka tarawehe. Baba anaendesha, mtoto kasimama mbele baina ya mikono yake, mama kakaa nyuma upande na buibui lake jeusi. Upepo unalijaza lile buibui, linashuka mpaka linafunika taa ya nyuma. Wewe uliye nyuma unaona weusi mtupu, wakipita kwenye tuta wekundu unachungulia chini ya kitambaa, kisha unapotea tena. Familia nzima hiyo. Na hakuna hata mmoja juu ya ile vespa anayejua kwamba hawaonekani, kwa sababu taa INAWAKA, baba aliiangalia kabla ya kutoka nyumbani. Na mwenye kubeba majani ya ng'ombe ni hivyo hivyo, na mwenye madebe ya samaki, mzigo unaning'inia umeziba kila kitu. Simlaumu mama na buibui lake wala simlaumu mvuvi, watu wataendelea kuvaa na kubeba wanavyovaa na kubeba. Taa ndo ihame.

Taa ya mbele ikifa utajua usiku ule ule. Ya nyuma inaweza kufa mwezi mzima, maana wewe huioni, anaiona mwengine, na huyo mwengine hakujui wala hatakusimamisha akwambie. Swichi ya breki nayo inaliwa na hii hewa yetu ya chumvi, unakanyaga breki ukiamini umemwambia wa nyuma kumbe hujamwambia kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua taa nyembamba nyekundu za LED, ziko madukani na si ghali, fundi akufungie kwenye keria, zichomoze nje nyuma ya kiti, juu ambako nguo haifiki, na ziungwe na breki pia. Ziwe mbili ili moja ikifa nyengine ibaki. Ukimaliza bandika karatasi ya reflekta kwenye madigadi na nyuma ya helmeti, hiyo haitaki umeme wala fundi. Na helmeti nayo ukinunua mpya chukua nyeupe. New Zealand walifanya utafiti uliotoka 2004, wenye helmeti nyeupe hatari yao ya kuumia kwenye ajali ilikuwa ndogo kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi, na waliovaa nguo za kung'aa ilikuwa ndogo kwa asilimia 37 kuliko wasiovaa.

Kuhusu waya nasema kidogo tu. Usikubali fundi akuungie taa mpya juu ya waya wa taa ya zamani, ile swichi ndogo ya mkononi haikutengenezwa kubeba mzigo huo, inapata moto mpaka plastiki inalainika. Umeme utoke betri, upite kwenye fyuzi, upite kwenye rilei, yaani swichi ya kati inayobeba mzigo badala ya ile ya mkononi, ndo ufike kwenye taa. Taa mbili za wati 20 zinavuta ampea 3 na zaidi, betri ya skuta ni ndogo, asubuhi stata itakugomea. Za wati 10 zinatosha kuonekana. Na kama vespa yako ni ile ya umeme wa injini moja kwa moja, LED zitapepesa mpaka ufunge betri na rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uwe kama wa betri.

Sasa hili nakubali, na nakubali kwa shida: wapo wanaotuharibia. Mtu kafunga spoti mbili kali zinapiga machoni, ukipishana naye unabaki hujui ukingo wa njia uko wapi, na pembeni kuna watoto na gari ya ng'ombe isiyo na taa. Huyo anahatarisha watu. Simamisha chombo mbele ya ukuta, kaa juu yake, mwanga wa hizo taa uishie chini ya kimo zilipofungwa, ukizidi hapo ziinamishe. Na nyekundu mbele toeni leo leo, dereva akiona nyekundu anaamini unakwenda, kumbe unamjia.

Ila kosa la hao lisifanywe sababu ya kuwasimanga wote. India toka Aprili 2017 kila pikipiki na skuta mpya inayouzwa kule taa ya mbele inawaka yenyewe injini ikiwaka, mchana kweupe, na hakuna anayewaita wapenda sifa.

Kwa askari wetu wa barabarani nina ombi, na naliomba kwa heshima zote. Mkisimamisha vespa mnaulizia leseni, bima na helmeti, sawa, ulizeni. Lakini zungukeni na nyuma. Mwambieni akanyage breki. Na abiria asishushwe, abaki alivyokaa, nguo yake ilivyo na mzigo wake ulivyo, ndo muangalie kama hiyo taa inaonekana.