Kabla ya miwani ya kompyuta, geuza meza

Msimu wa korosho ukifika, makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) na wenye steshenari kuanzia Mtwara hadi Lindi hushinda mbele ya kompyuta, na lalamiko ni lile lile: macho yanawasha, kichwa kinagonga. Ndipo wanapouziwa miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Kwa maoni yangu hiyo ni hela ya bure. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ya mwaka 2023 hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho.

Mkorofi ni dirisha. Ukiligeuzia mgongo, skrini inageuka kioo cha kujitazamia. Ukilielekea, mboni husinyaa kwa mwanga wa nje na maandishi yanafifia. Likae ubavuni. Feni nayo isipulize usoni: anayetazama skrini hupepesa macho mara chache, na upepo humkausha machozi yaliyobaki. Ielekeze mgongoni, joto letu hili litapungua vile vile.

Mwangaza sasa. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwaka kupita kiasi. Fungua ukurasa mtupu wa Word, shika karatasi nyeupe pembeni yake. Skrini iking'aa kama taa, punguza. Ikiwa ya kijivu, ongeza. Rudia usiku, maana kipimo cha saa sita mchana hakifai saa mbili usiku. Ila usiishushe mno: baadhi ya skrini, hasa za zamani, huanza kumemeta kwa kasi ambayo jicho halioni. Itazame kwa kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea, pandisha mwangaza, kisha washa taa ya chumba.

Maandishi madogo? Wengi hushusha rezolusheni (idadi ya nukta zinazounda picha), na hapo ndipo herufi zinapoingia ukungu. Kama skrini ni ya 1920 × 1080, iache hapo hapo. Kwenye Windows nenda Settings, System, Display, weka Scale 125%. Herufi zikiwa na vivuli na waya ni wa VGA (ule wa zamani wa kupeleka picha kwenye skrini), bonyeza kitufe cha Auto kwenye skrini.

Ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au ushuke kidogo. Rimu moja au mbili za karatasi chini yake zinatosha.

Waliovuka miaka 40 huenda wakahitaji miwani kweli, lakini ya kupimiwa. Ya kusomea hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, wakati skrini iko kwenye 60. Pima kwa futikamba toka jichoni hadi kwenye skrini, umtajie mpimaji namba hiyo.