Nafasi ya mwisho kikosini mpe mpiga krosi

Kikosi cha Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, kikitangazwa, wengi wetu tunakisoma kuanzia chini. Tunawaruka makipa, tunawaruka mabeki, tunakwenda moja kwa moja kwa washambuliaji kuangalia nani kaachwa. Fulani kafunga mechi mbili mfululizo, mbona hayumo? Kocha hamwoni? Nimeshiriki mabishano hayo miaka mingi, kwenye daladala, kazini, kwenye simu usiku wa manane. Siku hizi nikiona orodha yenye mastraika watano au sita wa kubahatisha, nasikitika zaidi kuliko nikiona yenye wawili.

Tuanze na hesabu, maana haziumi tukizizoea. Tanzania imecheza fainali za Afcon, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mara nne: 1980 kule Nigeria, 2019 Misri, ile ya Ivory Coast iliyochezwa Januari 2024, na ya Morocco iliyoanza Desemba 2025. Ni mechi 13. Tumefunga mabao 9. Katika mechi hizo zote, ni moja tu tuliyofunga mabao mawili, ile ya Kenya pale Cairo tarehe 27 Juni 2019, Simon Msuva akatangulia, Mbwana Samatta akaongeza, na bado tukafungwa 3-2. Hatujashinda mechi hata moja ya fainali. Timu yenye hesabu hizi haiwezi kuchaguliwa kama timu inayotegemea kufunga matatu ikifungwa mawili. Kwetu bao moja ni mali, na swali la mchaguzi ni bao hilo linatoka wapi.

Ukitazama linakotoka, utashangaa kwamba tumekuwa tukibishana sehemu isiyo yake.

Chukua mechi za kufuzu Afcon 2025. Kundi letu lilikuwa na DR Congo, Guinea na Ethiopia. Mechi sita, mabao matano tu, na tukafuzu kwa pointi 10. Feisal Salum alifunga mawili, Mudathir Yahya moja, Msuva mawili. Feisal na Mudathir ni viungo. Msuva alikulia pembeni, ni winga aliyejifunza kuingia kwenye boksi kwa wakati. Bao la Mudathir lililotupa ushindi dhidi ya Guinea kule Yamoussoukro, Ivory Coast, Septemba 2024, lilikuja dakika ya 88, kutoka kwa kiungo ambaye wengi tunamkumbuka kwa kukimbia na kukaba. Namba tisa halisi, yaani mshambuliaji wa kati, hakufunga hata moja.

CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nyumbani kwetu, tuliongoza kundi. Burkina Faso tuliwafunga mawili, penalti ya Abdul Suleiman "Sopu" na bao la Mohamed Hussein "Tshabalala". Mauritania tuliwafunga moja, la Shomari Kapombe dakika ya 89. Tshabalala ni beki wa kushoto. Kapombe ni beki wa kulia. Kisha Clement Mzize akawafunga Madagascar mawili, na huyo kweli ni mshambuliaji, nitarudi kwake. Morocco nako, Afcon, tulivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia kwa mabao matatu: Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, penalti ya Msuva dhidi ya Uganda, na Feisal dhidi ya Tunisia. Viungo wawili na penalti moja.

Watu wanasema hii ni bahati mbaya, tukipata straika mmoja wa maana mambo yatanyooka. Ningependa iwe hivyo. Lakini angalia ligi yetu inazalisha nini. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2024/25, wafungaji bora wa Ligi Kuu wamekuwa Emmanuel Okwi wa Uganda, Meddie Kagere wa Rwanda mara mbili, John Bocco, George Mpole, kisha Fiston Mayele wa Congo akilingana na Saido Ntibazonkiza wa Burundi, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, na Jean Ahoua wa Ivory Coast. Misimu minane, Watanzania wawili. Mpole alifunga 17 akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22, na tuliimba jina lake kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Msimu wa 2023/24 Mtanzania aliyemkaribia Aziz Ki alikuwa Feisal, mabao 19, naye ni kiungo.

Silaumu wageni. Wametuinulia ligi, na mabeki wetu kina Dickson Job na Ibrahim Bacca wamekuwa mabeki kwa kukabana na washambuliaji wakubwa kila wiki. Ila klabu zikitafuta namba tisa zinakwenda nje, na kijana wetu mwenye mwili na shabaha anageuzwa winga, au anakaa benchi akisubiri dakika kumi za mwisho. Kocha wa taifa hawezi kurekebisha hilo ndani ya siku kumi za kambi. Yeye anapewa kilichopo, na kazi yake ni kukipanga.

Jumamosi asubuhi huwa nasaidia mazoezi ya vijana wa mtaa wetu, umri wa miaka 13, 14. Niliwahi kuwauliza kila mmoja anataka kucheza namba ngapi. Karibu wote walisema winga au namba kumi, kiungo wa nyuma ya straika. Nilipomweka mmoja mrefu katikati, nikamwambia apokee mpira mgongo ukiwa golini, beki nyuma yake, hakujua aweke wapi mikono wala mguu upi wa kuukinga mpira. Si kosa lake. Uwanja wetu ni mchanga, upana wake haufiki nusu ya uwanja halisi, hivyo krosi haipigwi kabisa, unapiga chenga tu. Jioni wanacheza chandimu, magoli ya mawe mawili bila kipa, na bao ni kuusukuma mpira katikati ya mawe. Kijana anaweza kufunga mabao mia mbili kwa mwaka bila kujifunza kumwangalia kipa kasimama wapi. Wanajua kuufanya mpira uimbe, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha kusubiri krosi kwenye nguzo ya pili, ile ya mbali ya goli.

Kwa hiyo straika tunayemsubiri hatakuja mwezi ujao. Samatta ni wa mwaka 1992, Msuva wa 1993. Samatta alifunga Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa mwaka 2020, na katika kizazi kizima tumepata mmoja wa namna hiyo. Msuva amefunga katika fainali tatu tofauti za Afcon. Hao ni watu wa kushukuriwa, lakini wote wameshavuka 30.

Tarehe 21 Januari 2024, saa mbili usiku, nilikuwa kwenye kibanda umiza Mbagala, banda la mabati, mabenchi ya mbao, feni moja inazunguka na kuhamisha joto kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Zambia na sisi, San-Pédro, fainali zile za Ivory Coast. Dakika ya 11 Msuva kafunga na banda likainuka lote, mzee aliyekaa mbele yangu akamwaga kahawa na wala hakuiangalia. Kabla ya mapumziko Zambia wakapewa kadi nyekundu. Tuna bao, tuna mtu wa ziada, tuna kipindi kizima. Na tulirudi nyuma. Kila mpira uliopigwa mbele ulirudi baada ya sekunde tano, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuukamata pale juu, kuukalia, kuombea faulo, kuwapa wenzake pumzi. Watu bandani walianza kusema kwa sauti ya chini, "Wakae nao mpira jamani, wakae nao." Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akafunga kwa kichwa. Yule mzee hakusema neno. Aliokota kikombe chake na kutoka.

Nimeirudia mechi ile kichwani mara nyingi. Tulichokosa usiku ule hakikuwa bao la pili. Tulikosa mtu wa kuuweka mpira mbali na goli letu. Hiyo ni kazi ya mshambuliaji, ingawa haihesabiwi kwenye jedwali la wafungaji, na hiyo ndiyo ningeitazama kwanza kabla ya kuandika jina lolote la namba tisa. Usiniambie kafunga mangapi dhidi ya timu ya mkiani. Niambie beki wa kati akipiga mpira mrefu, mara ngapi katika kumi unabaki kwetu. Niambie anawakimbiza mabeki wakianza mpira, au anasimama na mikono kiunoni. Kwa kipimo hicho, Mzize ana nafasi yake hata asipofunga mechi nne, kwa sababu anagombana, anakimbia nyuma ya mabeki, na winga wanapata njia kwa ajili yake. Tumemsema sana kijana huyu kwa nafasi anazokosa. Wengi waliomsema hawakuona kwamba nafasi zile aliziumba mwenyewe.

Sasa kama mabao yanatoka kwa viungo na mabeki wa pembeni, orodha iandikwe hivyo. Ningechukua washambuliaji wa kati watatu tu, kila mmoja na kazi yake: mmoja wa kukimbia, mmoja wa kukalia mpira, mmoja kijana anayejengwa. Nafasi zinazobaki ningewapa watu wanaoleta mpira. Beki wa kushoto wa pili awe yule mwenye krosi, hata kama ukabaji wake ni wa wastani. Kiungo mmoja aitwe kwa sababu tu anajua kupiga kona na faulo. Timu isiyo na wafungaji inahitaji mipira ya kutenga, hizo kona na faulo, kuliko timu yoyote, kwa kuwa pale hakuna anayekimbizwa, mpira umesimama, na Bacca akiruka haihitaji chenga. Kona huwezi kuzifanyia mazoezi siku moja kabla ya mechi, na mpigaji huwezi kumwazima dakika ya 80 kama hukumwita kambini.

Tena ningewaita pamoja. Hili linaudhi mashabiki wa Simba na Yanga, lakini nalisema: ikiwa beki wa kulia na winga wa klabu moja wanaelewana kwa kuangaliana tu, waite wote wawili, hata kama kuna winga bora kidogo kwingine. Siku za kambi ni chache. Maelewano ya misimu miwili klabuni ni zawadi ambayo kocha wa taifa anapewa bure, na sisi tunaigawanya nusu kwa nusu ili mitaa yote miwili iridhike.

Kuna wanaosema njia hii ni kuzoea umaskini, kwamba nchi ya watu zaidi ya milioni 60 haipaswi kupanga timu ikizunguka upungufu wake. Nawaelewa, na hasira yao ni ya haki. Lakini iende kwa wanaohusika na viwanja vya shule na makocha wa watoto, maana huko ndiko namba tisa anakotengenezwa au kuharibiwa. Kocha anayetakiwa kuita kikosi Jumatatu hana shamba la kulima. Ana kapu, na ndani ya kapu kuna mabeki wazuri, viungo wanaofunga, na washambuliaji wachache wenye moyo.

Afcon ya 2027 inakuja nyumbani, sisi na Kenya na Uganda. Tutakuwa Benjamin Mkapa tumevaa jezi, na kabla ya hapo kitatangazwa kikosi, na tutakisoma kuanzia chini kama kawaida yetu. Nikikuta jina la mwisho ni beki wa pembeni ambaye nusu ya nchi haimjui, lakini krosi yake inafika nguzo ya pili kila mara, nitalala vizuri usiku huo.