India ya Kula Shaker sasa ni ile ya shangazi yangu

Wimbo wa "Chura Liya Hai Tumne" huanza kwa mlio wa gilasi. R. D. Burman, aliyetunga muziki wa filamu ya Yaadon Ki Baaraat ya mwaka 1973, alitumia kijiko na gilasi kuupata ule mlio mwembamba, gitaa likafuata, na baada yake sauti ya Asha Bhosle ikaingia taratibu kama mtu anayechungulia mlangoni kabla ya kupiga hodi. Kwa sisi tuliokulia Mji wa Kale, Mombasa, mlio ule hauhitaji maelezo. Mama zetu na shangazi zetu waliufuata hadi kwenye sinema za Naaz na Regal, wakarudi nao nyumbani, na sisi tukaukuta jikoni. Utotoni tulilisubiri lile neno "chura" kwa hamu, tukidhani anaimbwa chura wa kisimani. Kumbe kwa Kihindi ni habari ya kuibiwa moyo.

Majuzi nilimwekea shangazi toleo jingine la wimbo huo. Alikuwa akisukuma chapati, unga umempanda mpaka kwenye viwiko. Ilipofika nusu ya ubeti wa kwanza, ule mti wa kusukumia ulisimama juu ya kibao. Akaanza kuimba, Kihindi kile kile asichokisema, kila neno mahali pake.

"Si Asha huyu," akasema. "Ni nani yuwaimba?"

Nikamwambia anayeimba ni Laboni Barua, na bendi ni ya Waingereza, wanaitwa Kula Shaker; wimbo umo kwenye albamu yao ya Natural Magick.

"Waingereza? Basi wameusikia vizuri."

Maneno hayo mawili, *wameusikia vizuri*, ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mswahili akiliona jina la Kula Shaker anaweza kudhani ni mambo ya chakula. Jina limetoka kwa Kulashekhara, mfalme wa kusini mwa India wa karne ya 9 anayekumbukwa na Wahindu kama mtakatifu na mtunzi wa mashairi ya ibada. Bendi ni ya London: Crispian Mills kwenye gitaa na sauti, Alonza Bevan kwenye besi, Paul Winter-Hart kwenye dramu na Jay Darlington kwenye kinanda. Mwaka 1996 albamu yao ya kwanza, K, ilishika namba moja Uingereza. Wimbo wao wa "Tattva" ulijengwa juu ya fundisho la wafuasi wa Chaitanya, mtakatifu wa Kihindu wa Bengal, kwamba Mungu na viumbe ni kitu kimoja na wakati huo huo si kitu kimoja. Mwishoni mwa mwaka huo "Govinda", wimbo wa kumsifu Krishna, ulifika namba saba Uingereza, na umeimbwa kwa Kisanskriti mwanzo hadi mwisho. Hebu fikiria vijana wa Manchester na Leeds wakiimba Kisanskriti kwenye baa Ijumaa usiku.

Nilizipenda nyimbo zile, na mpaka leo gitaa la "Tattva" likianza mguu wangu hautulii. Lakini kulikuwa na jambo lililonikera kwa miaka mingi, na sikuweza kulitia katika maneno. India yao ilikuwa hekalu tupu. Kulikuwa na udi, mto, mtawa na dua, lakini hapakuwa na basi lililojaa, duka la kanda, foleni ya tikiti nje ya sinema wala mwanamke anayeimba huku akiosha vyombo. Ilikuwa India ya msafiri aliyekwenda kutafuta roho yake mwenyewe. Baada ya "Chura Liya" nilimwekea shangazi "Govinda" pia. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Hii ni ibada ya watu, mwanangu. Ya watu iache na wenyewe." Akarudi kwenye chapati zake.

Hilo hekalu hawakulijenga Kula Shaker. Walilikuta. Roki ya saikedeliki, ile ya magitaa yenye mwangwi na nyimbo zinazozunguka mpaka msikilizaji asijue zilianzia wapi, ilikutana na India mapema kabisa. George Harrison alipiga sitar, chombo cha nyuzi cha Kihindi, kwenye "Norwegian Wood" ya The Beatles mwaka 1965, na Februari 1968 bendi nzima ilikuwa Rishikesh, India, kwa Maharishi, mwalimu wa kutafakari. Mtu akiisikiliza sitar ataelewa kilichowavuta. Ina nyuzi kama 18 au 20, lakini zinazopigwa ni sita au saba tu. Zilizobaki zimelazwa chini yake na hutetemeka zenyewe kila zile za juu zinapoguswa. Ukiongeza tambura, chombo kingine cha nyuzi, inayoshikilia sauti moja bila kuiachia, unapata ule wimbi mrefu ambao wapigagitaa wa London na San Francisco walikuwa wakiutafuta kwa mashine.

Lakini walichukua mvumo, wakaiacha kazi iliyo nyuma yake. Ravi Shankar, mpiga sitar aliyemfundisha Harrison, alilalamika waziwazi kuona muziki uliomchukua miaka ya mazoezi ukifanywa kitoweo cha bangi na vidonge. Tarehe 1 Agosti 1971, kwenye tamasha la kuisaidia Bangladesh pale Madison Square Garden, New York, yeye na mpiga sarod Ali Akbar Khan walikaa jukwaani wakaweka nyuzi sawa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Shankar akawashukuru, akawaambia kama wamefurahia kuwekwa sawa kwa nyuzi, anatumaini watafurahia zaidi muziki wenyewe. Alisema kwa upole, lakini ukiutazama uso wake kwenye filamu ya tamasha hilo utaona uchovu wa mwalimu.

Mwaka huo huo wa 1971, wakati wazungu wakipiga makofi kwa nyuzi zisizoimba bado, Bombay, mji wa filamu za Kihindi, ilikuwa imeshajibu. Mwigizaji na mwongozaji Dev Anand alitoa Haré Rama Haré Krishna, filamu kuhusu mahipi waliojazana Kathmandu, Nepal. Burman akaitungia "Dum Maro Dum", Asha akaiimba, mwigizaji Zeenat Aman akaonekana na moshi na miwani yake. Sikiliza gitaa lile! Burman aliichukua roki ya saikedeliki iliyokuja India kutafuta mizimu ya kale, akaigeuza kuwa wimbo wa sinema uliochezwa mpaka kwenye harusi zetu. Miaka miwili baadaye ndipo akafanya "Chura Liya", na Zeenat Aman yumo tena, safari hii ameshika gitaa jeupe.

Haya ndiyo niliyotamani Kula Shaker wayasikie. Walikwenda India kutafuta mambo ya kale, na India ilikuwa imewasikiliza watangulizi wao zamani, imeokota iliyoyataka na kuyatupa mengine. Wenzao wa bendi ya Cornershop walilijua hilo, kwa kuwa mwimbaji wao, Tjinder Singh, ni mtoto wa Wapunjabi aliyekulia Uingereza. "Brimful of Asha" ya mwaka 1997, iliyofika namba moja mwaka uliofuata, inamwimba Asha Bhosle, santuri ndogo na sinema. Ile ilikuwa India ya sebuleni, iliyoimbwa na mtu aliyetoka sebuleni.

Kula Shaker wenyewe hawakudumu. Mwaka 1997 Mills alitamka maneno ya ovyo kwa magazeti kuhusu swastika. Alitaka kuitetea kama alama ya kale ya Wahindu, lakini alisema bila kupima nini alama hiyo inamaanisha kwa watu waliopoteza jamaa zao mikononi mwa Wanazi. Aliomba radhi, lakini doa lilibaki, na nadhani ilikuwa haki libaki kwa muda. Huo ndio ubaya wa kuipenda nchi ya watu kwa alama zake tu. Albamu ya pili, Peasants, Pigs & Astronauts, ilitoka 1999, na kabla mwaka haujaisha bendi ilikuwa imevunjika. Darlington akaenda kupiga kinanda na bendi ya Oasis kwenye ziara zao. Walirudi katikati ya miaka ya 2000 bila yeye, wakatoa albamu kadhaa ambazo wengi hawakuzisikia. Mimi nilizisikia, na zipo nilizozipenda, lakini nyingi zilinipita bila kuacha kitu.

Natural Magick ilitoka Februari 2024, na ni albamu ya kwanza tangu 1999 yenye wanne wale wale wa mwanzo. Tofauti unaisikia mapema. Kinanda cha Hammond cha Darlington kinafanya kazi ambayo hakuna gitaa lingeweza kuifanya: kinajaza nafasi za chini, kinanguruma, kisha kinapanda ghafla na kuubeba wimbo mzima mabegani. Si kila kitu kinanishika. Upo wimbo unaoitwa "Idontwannapaymytaxes", na huo huwa naupita. "Waves" ni roki yao ya kawaida iliyopigwa kwa nguvu ya watu waliokumbuka kwa nini walianza.

Kilichonigusa ni kwamba wameshuka kutoka hekaluni. "Indian Record Player" inalisema jambo hilo kwa jina lake lenyewe: mashine ya santuri, kitu cha nyumbani, kitu kinachokusanya vumbi na kugombaniwa na ndugu. Na "Chura Liya" ndiyo kabisa. Watu waliopata umaarufu kwa kuimba dua ya Kisanskriti wamechagua wimbo wa mapenzi wa sinema, ule ule unaojulikana na madereva wa teksi, na wameupa nafasi kwenye albamu yao bila kuona haya. Hawakulificha jina wala kuutungia maneno mapya wakajifanya ni wao. Anayeujua anajua umetoka wapi, na asiyeujua amepewa jina la kutafutia.

Wapo watakaosema huu bado ni wizi, eti mzungu akigusa cha Mhindi amekwiba. Siwapuuzi, historia ya kuchukua bila kuomba ni ndefu na sisi tunaijua. Lakini mtu wa pwani atasemaje hivyo kwa mdomo mkavu? Juma Bhalo, ambaye sauti yake imejaa kwenye kanda za nyumba nyingi za Mombasa, alichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na mashairi mazito, yenye vina na mizani na mafumbo ya kumtoa mtu jasho. Wapo wazee waliomlaumu, wakasema taarabu ya kweli ni ya udi wa nyuzi na bashrafu, ule muziki wa ala tupu. Harusini wanawake walijibu kwa kunyanyuka kumtuza. Na ile tashkota ya taarabu ya Mombasa, yenye vitufe kama taipureta, ni ya Kijapani kwa asili. India nako iliingia, wakaiita bulbul tarang. Hamoniamu ndiyo usiseme: ni chombo cha Ulaya, Mfaransa Alexandre Debain alikipatia hataza mwaka 1842, mafundi wa Calcutta wakakifanya cha kupepea kwa mkono ili mpigaji akae chini, na Redio ya India ikakipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971 kwa madai kwamba hakiwezi kuzifuata sauti za raga, zile njia za sauti za muziki wa Kihindi. Leo nani atamwambia mpiga kawali, zile kaswida za Kisufi, wa Lahore kwamba hamoniamu si yake?

Mtaani kwetu palikuwa na mzee aliyepiga hamoniamu kwenye harusi. Mkono wa kushoto ulipepea kwa nyuma, polepole, kama mtu anayempepea mtoto aliyelala. Wa kulia ulikimbia juu ya vitufe vilivyopauka kwa jasho la miaka. Kabla mwimbaji hajaingia alishika sauti moja ya chini na kuiacha ivume muda mrefu, mpaka maneno ya wageni yakatike yenyewe. Hakuwahi kuinua macho. Nikikisikia kinanda cha Darlington kikishika sauti namna ile, ninamwona mzee yule na shati lake jeupe, na sioni ajabu yoyote kwamba mmoja alitokea kwenye roki ya Uingereza na mwingine kwenye kibaraza cha Mombasa. Wote wawili walijifunza kungoja.

Ndiyo maana ninasema kwa moyo wangu wote kwamba Natural Magick ndiyo kazi yao bora, hata kama K itabaki kuwa ndiyo iliyouzika zaidi. K iliandikwa na vijana walioipenda India kabla hawajamsikiliza Mhindi mmoja aliye hai akicheka. Natural Magick imepigwa na watu wazima waliokaa na penzi hilo karibu miaka thelathini, wakavunjika, wakaaibika, wakarudi, na mwishowe wakaukuta mlio wa gilasi.

Shangazi ameniomba nimtilie wimbo ule kwenye simu yake. Nimemtilia, na nimeongeza "Indian Record Player" bila kuulizwa. Huo wa pili bado hajanipa neno lake.