Bei ya mkono na tarehe yake ya kufa

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni na skrini yangu ilikuwa na mistari myekundu 43. Kila mstari ni bei ambayo programu yetu ya kutunza mifuko ya uwekezaji ilikuwa imeizuia: imepanda mno, imeshuka mno, haijasogea kwa siku kadhaa, au haikuletwa kabisa. Mmoja ulikuwa wa hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa sokoni, ambayo jana yake bei ilikuwa 98.4, leo imeletwa 9.84. Hapo huhitaji shahada kujua kwamba mtu amekosea nukta. Nikaandika 98.4 kwa mkono, kwenye kisanduku cha sababu nikaweka "bei ya jana", mwenzangu akaidhinisha, tukaendelea na mistari mingine. Saa kumi na mbili thamani ya siku ya kila kipande cha mfuko ilikuwa imeshatoka.

Kampuni inayotuletea bei ilisahihisha kosa lake kesho yake asubuhi. Sisi hatukuona, kwa sababu bei yangu ya mkono ilikuwa imeifunika ya kwao. Mfumo uliendelea kuhesabu 98.4 kwa siku 19, na kwa kuwa tatizo lilihesabika limetatuliwa, mstari mwekundu haukurudi. Hatifungani yenyewe ilikuwa imeteremka hadi 95 na ushee. Aliyegundua ni mhasibu, alipokuwa akilinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki inayotutunzia mali.

Kwa kila kipande tofauti ilikuwa ndogo mno. Lakini kwenye mfuko wa pamoja kila senti ina mwenyewe. Vipande hununuliwa na kuuzwa kwa thamani halisi ya siku: mali zote ukitoa madeni, ukagawa kwa idadi ya vipande. Hatifungani ikihesabiwa ghali kuliko ilivyo, anayeuza vipande siku hiyo anaondoka na fedha za wanaobaki, na anayenunua analipia kisichokuwepo.

Tangu hapo nausikiliza kwa makini zaidi ugomvi usiokosekana kwenye ofisi za kazi hii: mtu aruhusiwe kuifunika bei iliyoletwa na kuweka yake?

Wakaguzi na watu wa udhibiti wanasema hapana, au karibu na hapana. Kosa lirekebishwe lilikozaliwa: piga simu kwa anayeleta bei, asahihishe, ailete upya. Hawasemi kwamba wafanyakazi ni wezi. Wanasema mtu aliyechoka, na muda unamwishia, atabofya chochote kinachomtoa kwenye foleni. Ushahidi wao mzuri uko London. Tarehe 2 Mei 2022 mfanyabiashara mmoja wa benki ya Citigroup alitaka kuuza fungu la hisa lenye thamani ya dola milioni 58. Akaiandika 58 milioni kwenye nafasi ya idadi badala ya nafasi ya thamani, na fungu likageuka kuwa la dola bilioni 444. Mfumo ulizuia bilioni 255. Bilioni 189 zikapita hadi kwenye programu ya kuuza, na hisa za dola bilioni 1.4 zikauzwa kabla hajasitisha oda. Je, hakuonywa? Alionywa mara 711. Dirisha la maonyo lilimwonyesha mistari 18 ya kwanza tu, na aliweza kuyapita yote bila kulazimika kushuka chini kuyasoma. Mwaka 2024 wasimamizi wa Uingereza waliitoza benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 61.6.

Kisa hiki husimuliwa kama hoja ya kuwanyang'anya watu kitufe. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Maonyo 711 kwa mpigo hakuna binadamu anayeyasoma. Hata angelazimishwa kushuka hadi mwisho, angeshuka amefumba macho. Sisi huku tunalijua hilo kwa namna yetu. Kanuni ya "bei haijabadilika kwa siku tano" imetungwa kwa masoko ambako hisa hupata bei mpya kila sekunde. Ilete kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako kampuni kadhaa hukaa siku nyingi bila hisa zake kuuzwa, na kila jioni utaletewa orodha ileile ya majina yaleyale. Kufikia wiki ya pili mtu ameshajifunza kuichagua yote na kubofya "kubali". Siku moja katikati yake limo jina geni, nalo linakubaliwa pamoja na wenzake. Dawa ni kuliwekea kila soko kipimo chake, kazi ya mchana mmoja ambayo watu huiahirisha kwa miaka.

Upande wa pili ni wa wanaokaa mbele ya skrini, na hoja yao ni nzito kuliko wakaguzi wanavyopenda kukiri. Aliyetunga kanuni ya uhakiki aliandika yale aliyowahi kuyaona, basi. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa kupokea mwezi Mei mafuta ghafi ya Marekani, WTI, ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Corona ilikuwa imesimamisha safari, maghala yalikuwa yakijaa, na mwenye mkataba alikuwa tayari kumlipa mtu auchukue. Soko la CME, ambako mikataba hiyo huuzwa, lilikuwa limeshatangaza mapema mwezi huo kwamba bei hasi zinawezekana. Programu ya dalali Interactive Brokers haikuwa tayari: wateja walikodolea macho bei iliyoganda karibu na sifuri huku ya kweli ikizama. Mdhibiti wa masoko hayo, CFTC, aliitoza kampuni faini ya dola milioni 1.75 mwaka 2021, mbali na zaidi ya dola milioni 82 za kuwafidia wateja. Miaka mitano kabla yake, tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, na faranga ikaruka ndani ya dakika chache. Mfumo wenye kipimo cha asilimia 5 ungeiita bei ile kosa, na mfanyakazi mtiifu angerudisha ya jana.

Hapo ndipo hoja ya kurekebisha kwenye chanzo inapochechemea. Chanzo nacho kina saa zake za kazi. Anayeleta bei yuko ng'ambo, ofisi imefungwa, simu haipokelewi, na thamani ya kipande inatakiwa itoke leo. Kuipitisha bei unayojua ni mbovu, eti kwa sababu imeletwa na mfumo, nako ni uamuzi. Tofauti ni kwamba huo haujasainiwa na mtu.

Ninachokiona kimesahaulika pande zote mbili ni muda. Wanabishana nani abofye; bei yenyewe itaishi mpaka lini, kimya.

Chukua mgawanyo wa hisa. Mwaka 2009 Benki ya Equity ya Kenya iligawanya kila hisa yake kuwa 10. Tuseme mfuko una hisa 1,000 za kampuni inayofanya hivyo, kila moja shilingi 200, jumla 200,000. Siku ya mgawanyo bei mpya, 20, inafika kwanza. Idadi kwenye mfumo bado ni 1,000. Mfuko unaonekana umepoteza asilimia 90 ya thamani ya hisa hizo. Mtu anaandika 200 kwa mkono na thamani inarudi mahali pake. Kwa jioni hiyo yuko sahihi kabisa. Kesho idara nyingine inaingiza mgawanyo, idadi inakuwa 10,000, bei ya mkono bado ipo palepale. Sasa vitabu vinasema milioni 2. Hili angalau lina kelele, litashtukiwa. Hatifungani yangu haikumshtua mtu.

Kwa hiyo kitufe nisingemnyima mtu, ila ningetaka bei ya mkono ife yenyewe baada ya siku moja, au mbili zikizidi. Anayetaka iendelee aiweke upya na aeleze upya. Bei iliyoletwa ibaki ikionekana pembeni, na ikibadilika, mstari mwekundu urudi. Programu nilizotumia zote zina nafasi ya tarehe ya mwisho. Huachwa wazi, na wazi maana yake milele.

Kuhusu kanuni ya mmoja kuingiza bei na mwingine kuithibitisha, sipingi, lakini sijengi nyumba juu yake. Mwenzangu aliyeidhinisha 98.4 aliona nilichokiona, na jioni ile wote tulikuwa sahihi. Tena zipo bei za mkono zinazopita kila uhakiki. Mwanzoni mwa 2012 ofisi ya benki ya JPMorgan jijini London ilianza kuithamini mikataba yake kwa ile bei iliyoipendeza zaidi kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na nyingi zilikuwa ndani ya mipaka iliyoruhusiwa. Hasara ilikuja kupita dola bilioni 6, na benki ikalazimika kupunguza faida iliyokwisha kuitangaza ya robo ya kwanza kwa dola milioni 459. Bei moja moja ungeweza kuitetea. Ukizipanga pamoja ndipo unaona zote zimeinamia upande mmoja, na hilo hakuna mthibitishaji wa mstari mmojammoja atakayeliona.

Siku hizi kila Ijumaa mchana nachapa orodha ya bei zote za mkono zilizo hai: nani kaiweka, lini, kwa nini, na imesukuma thamani juu au chini. Ijumaa iliyopita zilikuwa saba. Tano zilieleweka. Ya sita sababu yake ilikuwa nukta moja tu, mtu kabonyeza ili kisanduku kisiwe kitupu. Ya saba iliandikwa "kama kawaida", na jina lililo mbele yake ni langu.