Neno la Herufi 15

Neno lenyewe ni authoritatively, na nilijitakia mwenyewe. Niliambiwa nimkaribishe bosi kwenye kikao cha wageni, kwa Kiingereza, nikaona kusema tu kwamba anaongea vizuri ni kumpunja. Nikafungua kamusi nikaliokota: kusema au kutenda kama mtu mwenye mamlaka na ujuzi, hata anayesikiliza anakubali bila ubishi.

Siku tatu nilijifungia bafuni nikifanya mazoezi. Ile "th" haikunisumbua, ni ya thelathini tu. Balaa lilikuwa mkazo. Ulimi wangu wa Kiswahili unauweka silabi ya pili kutoka mwisho, popote pale, basi nikawa natamka "othoritati-VU-li" kama mtu anayetangaza mvua za vuli. Wenyewe Waingereza wanakandamiza "tho" kule mwanzoni, kisha zilizobaki zinamwagika mbiombio kama viazi kutoka kwenye gunia lililochanika. Kwenye ta-ti ndipo nilipokuwa najikwaa kila mara. Mke wangu aligonga mlango akauliza, "Baba, unagombana na nani humo?"

Siku ikafika. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaanza kumsifu bosi: anaongea "otho... othorita... ta-ta-ta..."

Pikipiki iliyokataa kuwaka. Wageni wakanyoosha shingo, mmoja akawa anachezesha midomo kunisaidia. Jasho likanitiririka hadi kwenye soksi. Nikamkumbuka jirani yake niliyemwona kwenye ukurasa uleule wa kamusi, nikamdaka: anaongea kama authoritarian! Hilo likatoka laini, bila kigugumizi, nikajipigia makofi.

Sasa, huyo jirani ni mtawala wa mabavu. Wote wawili wanatiiwa, ila mmoja anatiiwa kwa kuwa anajua anachosema, na mwingine kwa kuwa utafanyaje?

Wageni walinyamaza. Walionimaliza ni wafanyakazi wenzangu kule nyuma: walishangilia kwa dakika nzima, na mzee mmoja wa stoo, ambaye sijawahi kumsikia akichangia kikao chochote, akasema kwa sauti, "Kweli kabisa!"

Bosi akausogeza maiki taratibu, akanitazama.

"Kaa chini."

Nikakaa kabla hajamaliza. Maneno mawili tu, na mpaka leo sijaamua aliyasema kwa neno la kwanza au la pili.